Pono Hali Chambo

Kwa miaka kadhaa majirani zangu wa Tegeta na ndugu zangu wa Tandika, hapa Dar es Salaam, waliamini kwamba mimi ni mvuvi hodari wa mshipi wa usiku. Sifa hiyo nilijipa mwenyewe, kwa maneno yangu, na haikuwa kweli. Samaki niliowaleta nyumbani, nikawagawia majirani na kumpelekea dada yangu akaange auze Mbagala, sikuwavua kwa mshipi. Niliwachoma kwa mshale chini ya maji, usiku, kwa mwanga wa tochi, wakiwa wamelala. Baadhi yao niliwatoa mahali ambapo sheria hairuhusu mtu kutoa hata kombe. Nimeamua kulisema jambo hili lote, pamoja na sehemu yake mbaya zaidi, ambayo ilikuja baada ya mimi kuacha.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nilizaliwa Tandika, nyumba ambayo samaki alikuwa anatoka soko la Feri akiwa ndani ya mfuko wa rambo, ameshakufa zamani, na hakuna aliyeuliza amekufaje. Kazi ndiyo iliyonihamishia upande wa Kinondoni. Nilikuwa naitwa kwenye mahoteli ya pwani ya Kunduchi na kwa wafanyabiashara wa samaki wenye mafriza makubwa, na nikimaliza jioni nashuka ufukweni kuangalia ngalawa zinavyotoka. Nikavutiwa. Nikanunua mshipi, ndoana na chubwi, nikaomba nafasi kwenye ngalawa ya mzee mmoja ambaye mchana alikuwa anatega madema na usiku anavua kwa mkono.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Mzee alikuwa anaweza kukaa usiku kucha ameshika uzi kwa kidole kimoja bila kusema neno. Mimi baada ya saa moja nataka kuhama, nataka kubadilisha chambo, nataka kuwasha simu nione saa ngapi. Nikirudi na changu wawili nahesabu gharama na kuona nimepata hasara. Niliyokuwa nikiitafuta baharini ilikuwa sifa, na mshipi ulikuwa unaitoa polepole mno.

Mzamiaji mmoja niliyekutana naye hapo hapo pwani akanionyesha njia ya mkato. Yeye alikuwa na bunduki ya samaki ya kujitengenezea: ubao, vipande vya mpira wa tairi, na nondo nyembamba iliyonolewa ncha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kipato, nikaagiza ya kiwandani kutoka nje, pamoja na miwani ya kuzamia na tochi ya maji yenye mwanga mkali.

Uvuvi huo hauna ufundi wa kujivunia. Unahitaji usiku wa giza, na unahitaji maji mafu, zile siku ambazo bahari haitoki mbali wala hairudi kwa kishindo, kwa sababu wakati wa bamvua mkondo unakubeba na maji yanavurugika. Majira mazuri ni mwishoni mwa kaskazi, bahari ikiwa imetulia kabla ya upepo wa kusi kuanza. Kijana mmoja alikuwa ananipigia kasia. Tulitoka baada ya Isha, yeye anabaki kwenye mtumbwi akifuata mwanga wangu, mimi nazama na kuibuka juu ya miamba.

Niliyemfuata zaidi ni pono. Mchana ni samaki mjanja. Ukimsogelea anakuonyesha mkia, na huyo mkubwa wa rangi ya kijani na buluu hakuruhusu hata umkaribie. Usiku anajisokomeza kwenye upenyo wa matumbawe, rangi zake zinafifia, anatulia tuli. Watu wa pwani wakisema fulani analala kama pono wanajua wanachokisema. Unamulika, unasogeza ncha ya mshale mpaka karibu imguse, unaachia. Kuna usiku nilimgusa mmoja kwa kidole kwanza, nione kama atashtuka. Hakushtuka. Nikampiga.

Baadhi yao walikuwa wamejifunika utando mwembamba kama ute, unaometa ukiumulika. Nilidhani ni uchafu. Nilikuwa naufuta kwa kiganja kabla ya kuwatia kwenye mtungo.

Dhamiri haikukaa kimya moja kwa moja, lakini nilikuwa na jibu lake: mabomu. Uvuvi wa baruti umekatazwa nchini tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, lakini wakati naanza mambo yangu ulikuwa bado unavuma. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani nzima ya Tanzania wakisikiliza kwa vinasa sauti vya chini ya maji. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilitokea kwenye maji ya jirani na Dar es Salaam. Nami nikajilinganisha nao. Mpiga bomu anaua samaki mkubwa na mdogo, anaharibu na mwamba wenyewe, na nusu ya aliowaua wanazama asiwaone tena. Mimi nachagua mmoja mmoja, siharibu jiwe, sipotezi hata mmoja. Nikajiona mvuvi safi. Leo naona kwamba mtu akishaanza kujipima kwa mkosaji mkubwa kuliko yeye, hakuna kosa lake litakalomtisha tena. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza bunduki ya samaki, na nilijua. Nilijiambia kwamba katazo hilo liliandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Baadaye miamba ya karibu ikaanza kunipa samaki wadogo, nikageuza uso kuelekea Mbudya. Kisiwa cha Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na leo yanalindwa na sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Mchana watu wa mjini wanavuka kwa boti kwenda kuogelea na kula samaki wa kukaanga kivulini. Kuvua humo hakuruhusiwi, na ndiyo maana pono wa humo walikuwa wakubwa. Mara ya kwanza nilimwambia kijana wangu kwamba mkondo ndio uliotusogeza. Mara ya pili sikusema kitu, aligeuza mtumbwi mwenyewe. Nilishamfundisha.

Sasa nije kwenye uongo, maana kosa la baharini lingeweza kuishia baharini kama nisingelibeba mpaka nchi kavu.

Tandika kuna kijiwe cha kahawa ambacho nimekikalia tangu ujana. Nikifika na mtungo wa pono, watu wanasogea. "Bwana wewe unawapataje hawa?" Nami, kikombe mkononi, nawaeleza habari za usiku wa giza, za kusikilizia uzi kwa ncha ya kidole, za ngisi aliyekaushwa kidogo juani ambaye hakuna samaki anayeweza kumkataa. Yote hayo niliyasikia kwa yule mzee, na kwa mzee yalikuwa kweli, kwa samaki wengine. Mimi niliyachukua maarifa yake nikayavalisha samaki wangu. Dada yangu akazidi: kwenye beseni lake la samaki wa kukaanga akawa anawaambia wateja, "Hawa si wa bomu, ni wa mshipi, kaka yao namjua." Watu wa Dar es Salaam wanaiogopa nyama ya samaki wa bomu, iliyolegea na isiyokaa kwenye mafuta. Neno la dada yangu lilikuwa dhamana, na dhamana hiyo niliiandika mimi kwa wino wa uongo.

Siku iliyovunja yote hayo haikuwa na kelele. Tulitia nanga Kunduchi alfajiri, mtungo wangu begani, nikampita mzee amekaa mchangani anashona dema lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata?"

"Mungu kajalia."

"Hebu."

Akamchukua pono mmoja, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akauchungulia kwa muda.

"Umemtoa kwa nini huyu?"

"Kwa mshipi, mzee."

"Chambo?"

"Ngisi."

Akamrudisha kwenye mtungo taratibu. "Pono hali chambo, mwanangu. Huyu anakula jiwe. Mimi nimetega madema tangu sijabalehe; kwenye dema anaingia kwa kufuata mwani. Kwenye ndoana utampata mmoja, kwa bahati mbaya yake. Wewe unaleta mtungo mzima, na midomo yote mizima." Kisha akanigeuzia samaki ubavu, kidole kikiwa kwenye tundu la nyuma ya shavu. "Na hii ndoana yako imeingilia huku ikatokea kule."

Nilitafuta la kusema, sikulipata. Akaniambia kwamba pale pwani walijua tangu mtungo wa kwanza. Walikuwa wananiacha niseme mwenyewe.

Jambo hilo liliniuma kuliko karipio. Kumbe uongo wangu haukumdanganya mvuvi hata mmoja. Uliwadanganya tu wasiojua bahari, yaani ndugu zangu na majirani, watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kujua isipokuwa mdomo wangu. Akaongeza jambo moja, bila ukali: madema yake ya upande ule yalikuwa yanarudi mepesi. Hakusema ni mimi. Bahari ya Dar es Salaam ina maadui wengi, na sitajipa ukubwa wa kudai kwamba nimeimaliza peke yangu. Lakini najua nilikuwa napita usiku mahali alipotega mchana.

Niliacha kuzama wiki ile ile. Nikiri pia kwamba kilichoniachisha kwanza ni aibu. Majuto yalikuja baadaye, nilipoanza kusoma na kuuliza kuhusu samaki ambaye nilikuwa nimemuua sana bila kumjua.

Meno ya pono yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Kwa meno hayo anakwangua mwani unaoota juu ya miamba na matumbawe yaliyokufa. Mwaka 1998, joto la bahari lililokuja na El Nino liliua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi upande wetu, na mengine yakapauka tena mwaka 2016. Tumbawe likifa, mwani unalivamia upesi. Ukiachwa ukatanda, vichanga vya matumbawe havipati mahali pa kushika. Anayewafagilia mahali hapo ni samaki wala mwani, na pono ni wa mstari wa mbele kati yao. Mawe anayoyameza anayasaga kooni na kuyatoa yakiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Sehemu ya mchanga mweupe ambao watu wanavuka kuuchezea visiwani imepita kwenye tumbo la samaki huyu.

Kuna jambo jingine ambalo mchomaji wa usiku analiharibu bila kuliona. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakikua hugeuka madume, na hao ndio wakubwa wenye rangi kali. Mimi nilikuwa nachagua wakubwa. Nilijisifu kwamba nawaacha wadogo wakue, kumbe nilikuwa nawanyang'anya madume yao.

Na ule utando nilioufuta kwa kiganja? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaweka pono waliolala pamoja na vijidudu vya baharini vinavyonyonya damu. Waliovuliwa utando walishambuliwa asilimia 94. Waliobaki ndani ya utando walishambuliwa asilimia 10 tu. Watafiti hao wenyewe waliuita chandarua cha baharini. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mimi ni mtu wa Tandika; nimelala ndani ya chandarua maisha yangu yote, na najua mtu anayelala humo anajiona yuko salama.

Wala hatari ya tochi na mshale haikuanzia Kunduchi. Kule Fiji na Visiwa vya Solomon kuna pono wa ajabu mwenye nundu kichwani, anayeweza kuzidi urefu wa mita moja na kufikia uzito wa kilo 46. Anasafiri kwa makundi mchana, na usiku kundi zima linalala mahali pamoja penye maji machache. Tochi za chini ya maji zilipoingia, wachomaji wakawa wanalikuta kundi zima limelala, na kuna maeneo ambako leo samaki huyo amebaki kwenye kumbukumbu za wazee. Nchi ya Belize, upande wa pili wa dunia, mwaka 2009 ilipiga marufuku kumvua pono kabisa, kwa sababu ilitambua kwamba miamba yake haitasimama bila yeye.

Sasa sehemu mbaya zaidi niliyoiahidi.

Nilipoacha, nilikuwa na bunduki nzuri na tochi ya gharama. Ningeweza kuzivunja. Ningeweza kuzipeleka kwa kikundi cha BMU cha pale pwani, ambacho kazi yake ni kulinda rasilimali za bahari pamoja na Idara ya Uvuvi. Nilifanya hesabu ya fundi: vitu vimenigharimu, visipotee bure. Nikamuuzia kijana wangu wa kasia, kwa mafungu. Kila baada ya muda alikuwa ananitumia hela kwenye simu, nami naipokea, wakati huo huo nikijiona mtu aliyetubu. Hela ile ilikuwa inatoka wapi? Ilikuwa inatoka kwenye pono. Nilikuwa nimeacha kuwaua kwa mkono wangu, nikawa nalipwa kwa waliouawa na mtu niliyemfundisha.

Mzee ndiye aliyenifumbua macho tena. Sikumweleza, alimwona kijana na bunduki, akaijua. "Wewe umetoka," akaniambia, "lakini mlango umeuacha wazi, na funguo umeziuza."

Nikamfuata kijana. Nikamwambia deni nimelisamehe, na alizolipa nitamrudishia, anipe tu vile vitu. Hakubisha. Alinipa bunduki na tochi siku ile ile. Ndani ya mtumbwi wake nikaona nyingine: ubao, mpira, nondo. Alishajitengenezea, tena kwa ustadi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu ambayo sikuistahili: "Kaka, wewe una majokofu. Mimi nina nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata jibu kamili mpaka leo. Siku nyingine namlipia nafasi kwenye ngalawa, anatoka na mshipi. Siku nyingine simwoni, na sijidanganyi kuhusu alipo. Bunduki yangu niliikata kwa msumeno wa chuma nyumbani. Ilikuwa rahisi. Nilichokiweka kichwani kwa kijana hakikatiki kwa msumeno.

Dada yangu nilimwambia mwenyewe, Mbagala, beseni likiwa katikati yetu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyewaapia watu." Pono hakupokea tena kutoka kwangu. Kijiweni Tandika nilidhani watanitenga. Wengi walicheka. Mmoja akasema, "Samaki ni samaki, bwana. Ameshaliwa." Nadhani jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Mji wetu unakula samaki kila siku na hautaki kujua amefikaje kwenye beseni. Mpiga bomu anaishi kwenye pengo hilo, na mimi pia niliishi humo, kwa raha kabisa.

Nimerudi kwenye mshipi, kwenye ngalawa ya mzee, na sasa nauelewa. Usiku una samaki walio macho: changu wanaotoka mwambani kutafuta chakula mchangani, chewa, mkunga, ngisi. Tunatia nanga ukingoni mwa mwamba, taa imezimwa, uzi umepita juu ya kidole cha shahada. Maji yakisimama kati ya kupwa na kujaa, ndipo wanapogusa. Mguso wa kwanza wa changu ni mdogo sana. Ukivuta kwa pupa umemkosa, ukichelewa amekula chambo na kwenda zake. Yeye anaona gizani, mimi sioni. Yeye ana bahari nzima ya kukimbilia, mimi nina uzi. Akikataa chambo changu, amekataa.

Nimesoma kwamba hata Wazungu wanaovua trauti wa kahawia mitoni wanaiheshimu saa hiyo hiyo. Trauti mkubwa anajificha mchana na kutoka usiku kuwinda, nao wanamfuata gizani kwa nzi bandia wa manyoya na uzi, wakitegemea masikio na vidole. Samaki huyo yupo hata Afrika Mashariki: mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, yakawekwa kwenye mto Gura, milima ya Nyandarua. Mito yao na bahari yetu havifanani kwa lolote, lakini sharti la mchezo ni moja: samaki awe macho. Mimi nilitaka heshima ya mchezo huo bila sharti lake.

Katika dini niliyolelewa, toba ina masharti. Kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia. Na ikiwa ni haki ya mtu umeichukua, kuirudisha. Matatu ya kwanza nayajitahidia. La nne limenishinda. Siwezi kumrudisha pono mwambani, wala kumjazia mzee madema yake, wala kumtoa kijana kichwani nilichomtia. Kwa sababu hiyo nalisema hadharani. Ni malipo madogo, lakini ndiyo niliyo nayo.

Kwako wewe unayenunua samaki Kunduchi, Feri, Mbagala au kwa mama wa mtaani kwako: pono wa dema hana jeraha. Mgeuze pande zote mbili. Ukikuta tundu nyuma ya shavu au ubavuni, huyo alichomwa, na yawezekana kabisa alikuwa amelala. Usimnunue, hata akipunguzwa bei. Na muuzaji akikuapia kwamba pono wake wote ni wa mshipi, muulize walikula chambo gani.